Maziwa Nimeyaona, Bomba Liko Wapi?

Kasablanka, Jumapili baada ya Idi

Kwa mama yangu mpenzi, Mbarka, mtaa wa wafinyanzi, Asfi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuamkia, mama, na naubusu mkono wako wa kulia na utosi wako. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia, na yule jogoo wako mshari bado hajaingia chunguni. Sisi huku hatujambo. Mkweo Rkia anakusalimu sana, na mjukuu wako Ghalia anakusalimu kwa kelele, maana siku hizi hana namna nyingine ya kusema na watu.

Zhor, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, nina ombi. Barua hii ni ndefu. Usiruke mahali, wala usitie chumvi zako. Nakujua wewe. Kila barua ninayoandika namsalimu shangazi Hniya, na kila ukifika hapo unapatwa na kikohozi, ukitulia umeshahamia kwenye salamu za imamu. Leo ukikohoa, rudi nyuma usome. Na kuna mahali mama atataka kuinuka aende jikoni. Nitakwambia tukifika. Mshike nguo.

Mama, kwanza habari ya mwandiko. Mistari inapanda na kushuka, na bila shaka Zhor ameshaucheka, lakini ni mwandiko wangu mimi. Barua mbili zilizopita aliandika Rkia, na ulipouliza kwa nini, ukajibiwa kwamba nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanguka. Sikuteguka wala sikutoka ngazini. Nilikuwa nikiunyoosha mbele, kiganja kinaning'inia, nakiamrisha kiinuke na hakinisikii. Brashi ikawa inanitoka, na kijiko nacho. Asubuhi moja Ghalia alinifunga vifungo vya shati, akanipigapiga kifuani, akasema haya baba, nenda shule usichelewe. Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda msalani nikalia. Usilie wewe. Sasa mkono unainuka. Haujarudi wote, ila unainuka, na ushahidi anao Zhor mikononi.

Ulipopata fununu kwamba tumbo linanisokota, ulinitumia hirizi ya yule fakihi, pamoja na onyo kwamba nisikanyage Asfi mpaka shangazi Hniya aende kwa binti yake Marrakesh, asije akanipiga jicho la husuda kama alivyompiga baba. Hirizi niliivaa. Na lile gudulia la kijani la baba, ulilonipa siku nilipohamia huku ukisema fundi rangi asiyekunywa mtindi hafiki uzeeni, nalo sikuliacha hata siku moja. Mwanao ni mtiifu, mama, shuhudia hilo.

Sasa sikiliza ugonjwa ulikotoka. Tulikuwa tumechukua kazi ya kupaka upya shule kongwe iliyojengwa na Wafaransa, milango na madirisha hata mtu akikwambia idadi yake utadhani anaongopa. Rangi yake ya zamani ni ile nyeupe nzito, yenye madini ya risasi ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Sisi tulikuwa tukiikwangua kavu. Vumbi lake tunalivuta, tunalila na mkate, na jioni tunarudi nalo nyumbani kwenye nguo, Rkia akizikung'uta dirishani huku mtoto kamshika sketi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na sisi tulikuwa tukikibeba hadi kitandani.

Wala hatukuona ajabu. Ba Jilali, fundi wetu mkuu, mzee aliyepaka nusu ya mji huu, alikuwa akisema fundi asiyeumwa tumbo huyo si fundi, huyo ni karani. Kebir, mropokaji wetu, ana mstari wa buluu kwenye fizi chini ya meno. Alikuwa akifunua midomo kuwaonyesha watu, anasema huo ndio muhuri wa ufundi wake, cheti cha nini tena.

Na tajiri wetu, bwana Si Tahar, hana tabia ya kufoka. Ana tasbihi mkononi na asali mdomoni. Kila asubuhi alikuja na kreti la maziwa, akatugawia mwenyewe huku akisema kunyweni wanangu, maziwa yanaosha sumu. Basi tukampenda. Mafundi rangi wa mji mzima wanaamini hivyo, hata mtu akitafuta kazi huuliza kwanza kama tajiri anatoa maziwa. Ya kwangu nilikuwa nikiyapeleka nyumbani, Rkia anayagandisha kwenye gudulia la baba, na kesho yake nakuja na mtindi wangu kazini. Wenzangu wakinitania kwa uchoyo, maana sikumwonjesha mtu.

Siku moja akatokea mwanamke mmoja, Lalla Naima, mkaguzi wa kazi kutoka serikalini. Mfupi, kavaa viatu vya kiume, hana salamu nyingi. Alipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakitazama, akauliza tunakula wapi. Tukamwonyesha palepale. Akauliza tunanawa wapi. Si Tahar akamjibu kwa fahari kwamba vijana wake hawapungukiwi, akamwongoza mpaka kwenye kreti. Yule mama akalitazama kreti, akamtazama Si Tahar, akasema, "Maziwa nimeyaona. Bomba liko wapi?"

Bomba lilikuwa uani, limekufa tangu enzi za Wafaransa haohao.

Akatukusanya, akatusomea sheria. Mama, sheria ipo! Ilikuwepo tangu sijaota ndevu, ya nchi nzima, na hakuna aliyetuambia. Inasema rangi ya risasi isikwanguliwe kavu, ilowanishwe kwanza. Maji na sabuni viwepo kazini. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe na tajiri. Damu zetu zipimwe na daktari. Na akionekana mtu kaumwa, ahamishiwe kazi nyingine, asifukuzwe. Nilisikiliza nikahisi mtu kanifungulia dirisha.

Unadhani tulishangilia? Tuligoma. Na hatukugoma kudai sabuni, mama, tuligoma kutetea maziwa! Maana Si Tahar alitunong'oneza kwamba serikali ikitaka sabuni yake, basi kreti kwaheri. Kebir akapiga kelele kwamba sheria imeingia na maziwa yametoka, arusi gani hii isiyo na chai? Ba Jilali akamwendea Lalla Naima kwa heshima zake zote, akamwambia, "Binti yangu, sabuni inaosha mikono. Tumbo utaniosha na nini?"

Akamjibu kwa upole kwamba kama maziwa yangekuwa yanaosha, fizi za Kebir zisingekuwa buluu. Sote tukageuka tukamtazama Kebir. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga mdomo.

Basi mgomo ukaisha, bomba likatengenezwa, kreti likaondoka kweli, nami nikawa nanunua mwenyewe maziwa ya gudulia. Tukawa tunalowanisha kabla ya kukwangua, tunanawa kabla ya kula, ovaroli zinabaki kazini. Tukapimwa damu. Kila mmoja alikuwa nayo hiyo risasi, lakini mimi nilikuwa nimewapita wote. Daktari aliuinua mkono wangu akauachia, ukaanguka, akatikisa kichwa. Nikaandikiwa dawa, na kwa amri ya sheria nikahamishiwa stoo, nisiguse skrepa wala msasa. Nilikaa stoo nikigawa brashi kwa mkono wa kushoto, na nakwambia mama, nilimwombea dua yule aliyeitunga sheria ile, simjui jina wala sura.

Miezi ikapita, tukapimwa tena. Risasi kwenye damu za wenzangu wote ilikuwa imeshuka. Ba Jilali akasema tumbo limemwacha kama mdai aliyekosa anwani. Yangu haikushuka. Ilikuwa imepanda.

Hapo Si Tahar akapata mlango wa kutokea. Akasema mbele ya watu, "Huyu hagusi rangi yangu, anakaa stoo anakula kivuli, na damu yake imejaa risasi. Basi rangi yangu ina kosa gani?" Akapeleka pingamizi ofisi ya kazi, apewe ruhusa turudie mtindo wetu wa zamani, kwamba haya mambo ya maji yanamchelewesha bure. Kikao kikapangwa. Wenzangu wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, maana damu yangu ndiyo iliyokuwa inataka kuwarudisha kwenye vumbi. Kebir akaniuliza kama usiku huwa nalamba milango. Nilimcheka, lakini moyoni niliogopa. Niliogopa nitabaki na mkono mfu, na niliogopa zaidi kwamba nitawaponza wengine.

Lalla Naima akasema anakuja nyumbani kwangu. Akaja na viatu vyake vya kiume. Akakagua maji, wanja wa Rkia, mto ninaolalia, hakuona la kumridhisha. Rkia, ambaye mgeni kwake ni mgeni hata awe serikali, akammiminia mtindi baridi kutoka kwenye gudulia. Lalla Naima akainua bilauri, akaliona gudulia, akaishusha bila kunywa. Rkia alinuna papo hapo. Mgeni kukataa mtindi! Ila yule mama alikuwa haangalii uso wa mtu. Akauliza kazi hii kafanya nani. Nikajibu kwa kifua mbele, baba yangu, Brahim, na hakuna mkono Asfi nzima uliowahi kuutoa ule ukijani. Akaniomba aondoke nalo. Alilifunga kwa mtandio wake kana kwamba amebeba kichanga.

Majibu yalipokuja alikaa nami chini akanieleza. Ule mng'ao wa kijani, mama, umepikwa na risasi. Ukiweka maji ndani yake hayadhuru sana, ila kitu kichachu kama mtindi kikilala humo kinaivuta risasi kutoka kwenye gudulia. Maziwa niliyopewa kazini ili yanioshe, niliyageuza sumu nyumbani kwangu. Vumbi la Si Tahar lilinianza, gudulia likanimalizia. Na Ghalia naye alikuwa akinywa. Tulimkimbiza akapimwa, na alhamdulillahi kwake ilikuwa kidogo, sasa inashuka. Kelele zake umeshaambiwa.

Nilitamani kunyamaza. Nilijua nikisema ni gudulia, Si Tahar ameshinda. Nikamwambia Lalla Naima kwamba alifiche, awaokoe wenzangu. Akanikatalia katakata. Mficha maradhi, kilio humfichua, akaniambia, na akasema ataandika vyote viwili, vumbi na gudulia.

Siku ya kikao Si Tahar alisimama, akasema kwa sauti ya msiba kwamba ananisikitikia kijana wake, lakini sumu imetoka jikoni kwa mkewe, yeye mikono yake myeupe. Nikainamisha kichwa. Ndipo nikasikia kiti kikikwaruza, Ba Jilali huyo kainuka. "Si Tahar," akasema, "Mungu akupe umri. Mimi kwenye gudulia la Miloud sijaonja hata tone. Kijana ana uchoyo nalo, muulize yeyote hapa. Sasa mimi damu yangu iliharibiwa na nini? Na imeshuka kwa nini ulipotutengenezea bomba?"

Watu waliangua kicheko, hata yule ofisa aliyeendesha kikao. Si Tahar alivuta tasbihi yake mpaka nikadhani uzi utakatika. Pingamizi likatupwa. Maji, sabuni, ovaroli na daktari, vyote vimebaki, na milango mipya tunapaka rangi isiyo na risasi kabisa. Kebir akanyoosha kidole akauliza, je, maziwa nayo yamekatazwa? Lalla Naima akamwambia anywe hata ndoo, akishanawa. Kreti limerudi. Tumelipokea kama jamaa aliyetoka hija.

Na mimi tangu niliache gudulia, damu yangu inashuka, na vidole vinarudi kimoja kimoja. Jana nilipaka mlango mzima kwa rangi mpya. Si mlango mzuri sana, Ba Jilali aliupitia tena akidhani simwoni.

Sasa Zhor, ni hapa. Mshike.

Mama, siku ile Lalla Naima aliponieleza habari ya gudulia, aliniuliza baba alikufa vipi. Nikamweleza ninavyokumbuka. Nilikumbuka anavyosaga lile jiwe jeusi la risasi la kung'arishia vyombo, analipuliza, analichekecha kando ya unga wako wa mkate, kisha anatia mikono mitupu hadi viwikoni. Nilikumbuka tumbo lake, na uso wake ulivyokuwa umepauka. Nilikumbuka mwaka wake wa mwisho, mikono imeanguka yote miwili, wewe ukimlisha, na akisimama kuswali hawezi kuiinua kwa takbiri, wewe unamwinulia, kisha unarudi nyuma yake kuswali yako. Yule mama aliutazama mkono wangu. Kisha akasema, "Ni ugonjwa huohuo wako, Miloud." Hakuna sheria iliyoingia kwenye kibanda chake, mama. Hakuna aliyewahi kufika mlangoni pake akauliza bomba liko wapi.

Halikuwa jicho. Najua siku unayoihesabu, Idi ile shangazi Hniya alipoingia, akamkuta kaka yake kainua gudulia kwenye mwanga, akasema, "Mikono hii haina mfano duniani," na hakusema mashallah. Mwaka haukwisha mikono ikaanguka, na wewe ukamfungia mlango. Lakini mama, baba alikuwa ameanza kuangusha vikombe kabla ya Idi ile. Uliniambia mwenyewe. Shangazi alisema tu alichokiona, na alikiona kwa mapenzi. Miaka yote hii anaacha mkate kizingitini kwako kila Ramadhani, nawe mkate huo unampa jogoo. Ndiyo maana jogoo kanenepa.

Na wewe najua unachowaza sasa hivi, kwamba ulimtilia mwanao sumu kwa mkono wako. Naomba uache. Ulinipa mtindi na ulinipa kazi ya mkono wa baba ili nisiwe peke yangu mjini. Ningekuwa na hasira na mtu ningeandika barua fupi.

Vyombo vya baba usivivunje. Vipandishe juu ya kabati, vitazamwe. Visiguswe na mtindi, zeituni, limau wala chochote cha kuliwa. Lalla Naima amemwandikia mwenzake wa Asfi aje kwenye vibanda vya wafinyanzi, na ameniahidi hatachoka. Ukimwona mtu mgeni mtaani anapitisha kidole kwenye madirisha, mkaribishe, ila umpe chai.

Linabaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikaandika kwa mkono huu badala ya kumpa Rkia. Shangazi Hniya ana gudulia pacha la hili. Baba alimfinyangia siku ya arusi yake. Mtindi wake anauweka humo, zeituni zake zimo kwenye chungu cha kijani, na mjukuu wake wa Marrakesh huja kukaa naye kila kiangazi, na kiangazi ndicho hiki kinabisha hodi. Nikimtumia habari kwa Zhor, atadhani tunataka kumnyang'anya kumbukumbu ya kaka yake. Nikimwandikia, hana wa kumsomea. Yuko mtu mmoja tu duniani ambaye shangazi atamwamini akimwambia aache kulitumia, naye ni yule anayejulikana mtaa mzima kwamba hawezi kufika pale kwa jambo dogo.

Mama, jitande shuka lako uende leo. Usitafute maneno. Mwambie, "Hniya, nimekuja kwa habari ya magudulia ya Brahim." Yaliyobaki yatajisema yenyewe.

Nisalimie imamu, na yule bwana wa tanuri la mkate, na majirani wote wanaoniulizia. Zhor, pole kwa kazi, na Mungu akulipe. Salamu za shangazi Hniya leo sikuzitaja hapa, kwa hiyo huna haja ya kukohoa. Mama atazifikisha mwenyewe.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Miloud, kwa mkono wangu wa kulia.